Tawi la Mtundu Njia Panda

Mjukuu wangu alinipigia simu akasema, "Bibi, wiki hii napita hapo nyumbani na kijiko kutoka bandarini."

Nikamwambia vijiko ninavyo, alete sufuria. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Kumbe kijiko ni mashine ya kuchimba udongo. Wenye kazi yao wanaiita hivyo kwa sababu ya mkono wake wa mbele unaochota. Aliyeipa jina hilo sijui alikuwa na mdomo wa namna gani. Nilikuja kuiona kwa macho yangu, na kile cha kuchotea peke yake mbuzi wangu wote wangelala ndani na bado wakajinyoosha miguu.

Mzigo ulishushwa melini Dar es Salaam, unakwenda kambi ya ujenzi kule Usoke. Nyumba yangu iko kando ya barabara, ukitoka Tabora mjini kwenda huko huko, kwa hiyo lazima upite mbele ya mlango wangu. Na anayeuongoza ni mjukuu wangu. Jirani yangu hakunielewa, ikabidi nimweleze kama mtoto: haendeshi lori. Anaendesha gari dogo linalotangulia, lenye bendera nyekundu na taa ya njano inayozunguka juu. Yeye ndiye anayesema mzigo upite wapi, usimame wapi, na nani akae pembeni.

"Kwa hiyo lori linamfuata yeye?" jirani akauliza.

"Linamfuata."

"Msichana?"

"Msichana wangu mimi."

Akaenda kupepeta mtama wake, nami nikaridhika.

Lakini kulikuwa na jambo mjukuu aliniambia kwa sauti ndogo. Miaka yote alikaa gari la nyuma, lile linalofuata lori ili watu wasije wakaparamia trela. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza kuwekwa mbele. Bosi wake alimwambia wazi: ukiufikisha salama, mbele ni pako, ukiuzamisha, unarudi nyuma na hapo nyuma utazeekea. Nikamwuliza, "Unaogopa?" Akasema haogopi. Mtu asiyeogopa hasemi kwa sauti ile.

Mimi maneno ya mizigo nimeyakuta nyumbani. Babu yangu, mzaa baba, alipagaa mizigo kwa bega akiwa kijana, kutoka huku kwetu mpaka pwani, kwa miguu. Alikuwa na kigugu begani kama nundu ya ng'ombe, na sisi watoto tulikuwa tunagombania kukigusa. Alitusimulia kwamba katika msafara aliyekuwa mkubwa si tajiri mwenye mali, ila kirangozi, yule anayetangulia na bendera. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kumpita. Kirangozi akifika njia panda, anakata tawi la majani mabichi na kulilaza juu ya njia isiyofaa. Hata aliyechelewa nyuma siku nzima akifika pale anajua: hii imefungwa, nashika ile nyingine.

Desturi hiyo tumebaki nayo sisi wanawake tunapokwenda porini kuokota uyoga. Anayetangulia hulaza tawi, wa nyuma huona. Mjukuu wangu nilimfundisha akiwa bado ananifikia kiunoni, na hakuwahi kupotea.

Sasa, ulikuwa msimu wa uyoga, maana yake ni mvua. Kabla hujafika kwangu kuna daraja dogo lililokuwa linatengenezwa, barabara imefungwa, magari yanachepuka. Pana njia mbili za kuchepukia. Ya kushoto ni pana, imenyooka, inamvutia mgeni, lakini inakatiza mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao ukinyeshewa unameza. Gari dogo linapita kwa kudra. Ya kulia ni nyembamba, ina mawe na visiki, lakini ardhi yake ngumu. Wazee walisema ndimo misafara ilimopita. Inakuja kutokea karibu na shamba langu la karanga.

Alasiri nikasikia honi. Mjukuu akashuka, kofia ngumu kichwani, koti la njano linang'aa, amekonda kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Kijiko kiko wapi?"

"Kinakuja nyuma. Nimetangulia kuikagua njia na kuzuia magari ya upande huu."

Nikamkalisha, nikamtolea uji wa ulezi, nikaanza kuuliza. Nilitaka kujua yote. Kinapandaje juu ya trela? Akasema hakibebwi, kinapanda chenyewe kwa minyororo yake, taratibu, na trela linalia. Kinafungwa na nini? Minyororo minene kama mkono wangu. Na ule mkono wake unakaaje? Unakunjwa, kama mguu wa panzi. Trela lenyewe wanaliita lobedi, liko chini chini na magurudumu mengi kama jongoo. Nyaya za umeme je? Akasema wanakuwa na fimbo ndefu ya kuzipima kabla hawajapita. Nikauliza kama ndani ya kijiko kuna kiti. Kipo. Na anakwenda haja wapi anayekaa humo siku nzima? Hapo akaweka bakuli chini.

"Bibi, hakuna mtu ndani wakati kinasafirishwa."

"Nauliza kikiwa kazini."

"Anashuka, bibi."

Tukaendelea hivyo, lakini nikaona jicho lake haliko kwangu. Liko barabarani, kisha juani, kisha barabarani. Mzigo mpana kama ule hauruhusiwi kutembea jua likizama. Kule bondeni simu hazishiki, na redio yake ya mkononi ilikuwa imeanguka ikanyamaza tangu Manyoni.

"Wangekuwa wamefika," akasema.

"Umewaonyesha njia?"

"Nimelaza tawi la mti wa mtundu kwenye njia ya mbuga. Kubwa, bibi. Hata kipofu angelikanyaga."

"Basi watakuja."

Hawakuja. Akasimama, na mimi nikajitupia khanga begani nikaingia kwenye gari lake bila kuombwa. Njia nzima wote tulikuwa tunaona kitu kimoja akilini: lile dude limezama mbugani mpaka kiunoni, na msichana wangu anarudi gari la nyuma.

Tulipotokea upande wa pili tukakuta foleni. Lori limesimama kwenye lami kabla tu ya njia panda, na nyuma yake gari lake la nyuma, na nyuma ya hilo malori ya tumbaku na basi, na abiria wa basi wameshuka wanakula mahindi ya kuchoma. Na barabarani kumetapakaa majani, huku rundo, kule rundo, mpaka mbali.

Dereva wa lori, mwanamume wa makamo kutoka Tanga, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gurudumu anakunywa chai kwa utulivu mkubwa.

"Pole na gari, binti," akamwambia mjukuu wangu. "Limeharibika nini?"

"Gari gani?"

"Si lako? Nimeona majani."

Hapo ndipo nikaelewa, na nikiri nilitaka kucheka. Kwa watu wa barabara kuu, majani barabarani yana maana moja: mbele kuna gari bovu, simama. Yule bwana kaliona tawi, kasimama. Na kwa kuwa yeye amesimama, gari lake la nyuma nalo likakata majani yake kuwaonya wanaokuja. Lori la tumbaku likaongeza. Basi likaongeza. Tawi moja la mtundu lilikuwa limezaa.

"Nilikuwa nafunga njia," mjukuu akasema. "Majani juu ya njia ni kwamba usipite hapo."

"Na mimi sijapita. Nimesimama."

"Si usimame. Ushike ile nyingine."

"Ningejuaje?" Akamwaga masalia ya chai. "Binti, mimi nimetembea barabara hii mpaka Kigoma, mpaka Burundi. Majani ni majani. Hii lugha yenu mmeitoa wapi?"

"Kwa babu yangu," nikasema mimi. Akanigeukia, akaona mvi, akaniamkia haraka haraka. Nikaitikia. "Njia hii walipita watu na mizigo kabla babu yako hajaliona gurudumu. Aliyetangulia aliitwa kirangozi. Akilaza tawi, hukai kunywa chai. Unatafuta njia nyingine."

"Bibi, wale walikuwa na miguu. Mimi nina tani."

Abiria wa basi wakacheka, na sikuwalaumu, alikuwa amesema kweli. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia jua, limebaki kama kimo cha mtu juu ya miti. Dereva akasema tulale hapo hapo lamini. Mjukuu akasema hapana, kwenye lami yenye foleni mzigo hauwezi kulala, basi zima litalala nao. Akachomoa bendera kwenye gari lake, gari akalisogeza pembeni, akaingia njia ya kulia kwa miguu.

Nilidhani anakwenda kukagua tu. Hapana. Aligeuka, akamwinulia dereva bendera, akaanza kutembea kinyumenyume. Lori likanguruma, likamfuata.

Nimeona mengi, lakini hilo sijawahi. Nami nilitembea kando, porini. Matawi yakigusa ule mkono uliokunjwa, mjukuu anainua ngumi, dude linasimama. Anapima kwa jicho, anaonyesha kushoto kidogo, dude linatii. Kwenye visiki trela lilikuwa linalia vilevile alivyonieleza. Niliinama kutazama chini na kweli, magurudumu yanapanda na kushuka kila moja peke yake, kama vidole. Dereva hakuwa tena na mzaha. Jicho lake lilikuwa kwenye ile bendera, halihami.

Tulitokea kwenye shamba langu jua likigusa ardhi. Mpaka Usoke bado. Mjukuu akainua ngumi, akasema, "Tunalala." Kijiko kikalala pembeni ya karanga zangu, naye akarudi kulichukua gari lake. Akampigia bosi mwenyewe, bila kungoja kupigiwa, akamwambia mzigo haukufika. Bosi akasema watazungumza asubuhi. Ugali hakuugusa.

Asubuhi dereva alikuja mlangoni kuomba maji ya kunawa uso. "Mwangaluka, bibi," akasema, salamu yetu ameitafuna kama anayetafuna mfupa. Simu ya mjukuu ikalia. Bosi alitaka kusema na dereva kwanza. Nikasogea, masikio ni yangu.

"Ndiyo bosi, umelala njiani... Haukuzama. Pakavu kabisa... Palikuwa na majani. Majani, bosi. Ya mti... Mimi? Mimi nimemfuata, na bado niko salama na trela ni zima. Kama unamrudisha nyuma, nitafutie na dereva mwingine, maana huyu wa mbele nimeshamzoea."

Akampa mjukuu simu. Yeye alisikiliza tu, akasema sawa, sawa bosi, akaikata.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema nifike Usoke kabla ya mchana. Halafu nikirudi bandarini kuna greda linasubiri."

"Gari la nyuma nani atakaa?"

"Sikuuliza."

Akawasha taa yake ya kuzunguka. Dereva alikuwa ameshapanda juu, akachungulia dirishani. "Kirangozi," akasema, "twende." Hakumwita binti tena. Jirani yangu alikuwa amesimama na ungo wake, akasikia. Nilihakikisha amesikia.

Walipopotea nikarudi kwa miguu mpaka njia panda. Yale majani ya gari la nyuma na ya wenzake niliyaondoa lamini, maana gari bovu halikuwapo. Tawi la mjukuu wangu nililiacha lilipo. Njia ya mbuga ilikuwa bado mbaya.