Wadudu Ambao Magokoro Alikataa Kufuta

WALIKUWEPO! Wueh, wale wadudu walikuwepo kweli, na magokoro, yaani nyanya yangu, aliwaona mwaka wa 1974!

Ngoja nianze vizuri. Anaitwa Bochaberi. Hiyo 1974 alikuwa ameolewa juzi tu huko Marani, na alifanya kazi kwa maabara ya hospitali moja ya misheni. Baba mkwe wake, mzee Ombui, akaanza kutapika damu. Daktari akampasua, akashona kidonda cha tumbo, akakata kanyama kadogo kaangaliwe kama ni saratani. Na mtu wa kukakata kawe kembamba, kukapaka rangi na kukaweka kwa hadubini, alikuwa Bochaberi peke yake.

Shida ni chinsoni. Huku Gusii mke wa mtoto hata mkono hampi baba mkwe, ni heshima. Ongeri, ndugu ya mzee, akakuja akasimama mbali na mlango wa maabara.

"Mokamwana, mke wa mtoto wetu! Mkono wake hushiki, sasa unataka kumuona mpaka tumbo? Huna aibu?"

"Aibu ninayo, tata," yaani baba, Bochaberi akamjibu. "Basi ingia uangalie wewe."

Ongeri akarudi nyuma, akaenda zake!

Bochaberi akaangalia mwenyewe. Saratani haikuwako. Lakini kwa ute wa tumbo kulijaa vidudu vimejipinda kama kucha zimekatwa. Akaandika kwa ripoti. Daktari akacheka.

"Futa hiyo, Bochaberi. Hakuna kitu inaishi kwa asidi ya tumbo. Ni uchafu wa maji yako."

Bochaberi akachemsha maji, akaosha vioo, akapaka rangi upya. Wako. Mara ya tatu, bado wako.

"Daktari, nimeosha mpaka vidole vimekauka. Sifuti."

Daktari akapiga kalamu nyekundu juu ya maneno yake. Chini yake Bochaberi akaandika tena: *Nimewaona.*

Siku mzee anatoka, alisimama mbali vile chinsoni inataka, akaita, "Mokamwana, usifute!"

Lakini dawa ya kuua wadudu hakuna mtu alimpa. Tumbo lilimuuma mpaka akaingia kaburini nalo. Hiyo ndiyo inaniuma mimi.

Sasa wiki jana tumbo limenisumbua, nikaingizwa kamera, wakanyofoa kanyama, wakapata bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo! Nikatafuta picha yao kwa simu, nikamuonyesha magokoro. Hata hakushtuka.

"Ndio hao. Kunywa dawa zako zote."

Mimi nakunywa, siku kumi na nne. Tafadhali mtumie mwingine hii asome.