Msusi Aliyejifunza Mwili Kwenye Kioo

Msusi aliujua mwili wa binadamu kuanzia juu, maana riziki yake ilikaa huko. Katika kugawa nywele mistari, vidole vyake vilikutana na mengi: kifupa kinachotokeza nyuma ya sikio, mshipa unaodunda panjani, ngozi ya kichwa inayopata joto mteja akinogewa na umbea. Alishangaa, akaendelea kusuka. Lakini siku mteja aliyekaa kitini tangu asubuhi alipoinuka, macho yakamgeuka na akaanguka puu, mshangao ukageuka swali. Damu ilikuwa imekwenda wapi?

Jibu alilikuta kwenye kozi ya wauguzi wasaidizi, aliyojiunga nayo kwa ajili ya swali hilo. Mtu akisimama ghafla, damu hukimbilia miguuni. Mishipa isipojikaza upesi na moyo usipoongeza mwendo, kichwa hupungukiwa, na mwenyewe huona giza.

"Kumbe!" alipayuka darasani. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jina likamganda: Kumbe.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, kioo mbele, ukuta nyuma. Kwenye ukuta huo alibandika picha kubwa ya mwili uliofunuliwa, ili aitazame kupitia kioo huku mikono ikifanya kazi. Maandishi yalionekana kinyume, lakini yeye alifuata rangi na maumbo.

"Ini?" aliuliza Mama Pacha, shoga yake, ambaye kila akija kusuka alijipa cheo cha mtahini.

"Kulia, chini ya mbavu. Kubwa, lakini halijafikia mdomo wako."

"Bandama?"

"Kushoto. Na utulie, bibi wee, nisije nikakuchoma na chanuo."

Alikwenda kwenye mtihani wa vitendo kifua mbele. Akifaulu, angeingia wodini. Akishindwa, angerudia kozi nzima. Mwanafunzi mwenzake alisimama mbele yake, uso kwa uso, awe mgonjwa.

"Nionyeshe ini," alisema Sista, muuguzi mkongwe aliyewafundisha.

Kumbe akanyoosha mkono wake wa kulia na kubonyeza palepale alipozoea kuliona.

"Dada," mgonjwa alinong'ona, "hiyo bandama."

Kumbe akautazama mkono wake. Ini halihami, nani basi aliyehama? Ndipo akaling'amua. Kwenye kioo, kulia kwa picha kulikuwa upande mmoja na kulia kwake mwenyewe. Mtu akisimama mbele yako amekukabili, kulia kwake kuko kushoto kwako.

"Sista, naomba nizunguke nyuma yake."

Aliruhusiwa. Kutoka nyuma, mahali anaposimama msusi, mikono yake haikubabaika: ini, bandama, figo, kidole tumbo.

"Unayajua," Sista alikiri. "Ila mgonjwa hutazamwa usoni. Nani atakubali kukumbatiwa kwa nyuma kila akiumwa tumbo? Rudi wiki ijayo."

Wiki hiyo alikigeuza kiti kikakipa kioo mgongo, akawa anasuka amewakabili wateja.

"Mbona unanikodolea macho kama mposaji?" Mama Pacha alilalamika.

"Nyamaza. Natafuta ini lako."

"Limepotea?"

"Nililipoteza mimi. Hili hapa." Akambonyeza.

"Aa, unanitekenya! Na kwa nini likae huko? Mapafu yako mawili, figo mbili, kila upande na lake. Ini lilimkosea nani?"

Chanuo likasimama hewani. Kumbe hakuwa amewahi kujiuliza hilo, na tangu saa hiyo hakujiuliza jingine.

Siku ya kurudia, mkono wake ulikwenda kwenye ini bila kusita, kisha kwenye bandama, huku akimtazama mgonjwa machoni. Sista akaridhika.

"Umefaulu. Wodi inakusubiri. Haya, nenda."

Kumbe hakwenda.

"Sista, kwa nini ini limelalia kulia? Kwa nini lisikae katikati kama pua?"

Sista alimtazama, akatabasamu, akavuta viti viwili.

"Kaa," alisema. "Hiyo lazima tuianzie tumboni mwa mama, mtoto akiwa bado mdogo kama punje."