Jino la Kamanthe na Pumzi ya Kupoza Uji

Kamanthe, muuza ndengu wa soko la Kithimani, hakuogopa kitu ila koleo la daktari wa meno. Mwaka ule wa mvua ya El Niño gego lake likaoza na shavu likavimba. Chakula cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akawa anakitazama tu wenzake wakitafuna. Na harusi ya binti yake Kavindu ilikuwa imekaribia. Mama mzazi apokee wageni na shavu kama tikiti?

Akajikaza, akaenda zahanati. Presha ilikuwa juu, daktari akakataa kung'oa mpaka ishuke. Vidonge vikasaidia, lakini akisikia tu vyuma vikigongana kwenye beseni, presha inapanda tena.

Muuguzi, Sista Winrose, akamweleza kwamba ni hofu. Mtu akiogopa, moyo hukimbia na mishipa hujikaza; akitoa pumzi polepole, mwili hujua hatari imepita, na moyo hupunguza mwendo. Vidonge asiache, ila ajifunze kupumua.

Nyumbani Kamanthe akapumua kwa bidii, kama anavyopuliza kuni mbichi: fuu, fuu, fuu. Kizunguzungu kikamkalisha juu ya gunia la ndengu. Mumewe Muema akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Kavindu, sasa unamwasha nani?"

Naye Wanza, mwenzake wa kwaya, akamwuliza kama amehamia dini za kufumba macho na kupumua. Kamanthe akamjibu kwa upole kwamba pumzi ni ya Mungu, yeye anajifunza tu kuitumia vizuri.

Akarudi kwa sista.

"Si hivyo, mama, huu si moto," Winrose akamwambia. "Toa pumzi kama unampozea mtoto uji. Ukipuliza kwa nguvu, uji utamrukia usoni."

Hapo akaelewa, watoto wake wote aliwapozea uji. Kila asubuhi kabla ya sala akawa anavuta hewa kwa pua taratibu, kisha anaitoa nyembamba, ndefu.

Siku yenyewe vyuma viligongana. Kamanthe akafumba macho, akapoza. Mkanda wa presha ulipolegea, sista akatazama mshale wa kipimo, akaona presha imeshuka, akamwita daktari.

Jino likatoka. Kamanthe naye akatoka ameuma pamba, ameamriwa asiongee mpaka jioni. Muema, aliyekuwa akimngoja nje, akapokea habari hiyo kwa furaha kubwa.

"Mungu ni mwema," akasema. "Leo mimi ndiye nitaongea."

Akaongea njia nzima, habari za mbuzi wa harusi na nani asialikwe, Kamanthe akitoa pumzi ndefu, ndefu, ili asijibu.