Sikio la Kushoto la Dorosela

Watu wa Njombe huogopa baridi, huogopa mbwa, na wengine (siwataji) huogopa mama mkwe. Dorosela Mligo aliogopa sikio lake mwenyewe, la kushoto.

Kazi yake ilikuwa kurekodi kwaya ya parokia na kuchanganya sauti kwenye kompyuta mpakato. Tangu Kwaresima, kila akivaa hedfoni, kulia waimbaji waliimba, kushoto kimya cha kaburini. Na baba yake, mzee Linus, uziwi ulimwanzia kushoto hivyo hivyo. Mwishowe mzee alikuwa anaitazama kengele ya kanisa ikiyumba, asijue kama inalia. Mchanganya sauti kiziwi atakula nini?

Basi Dorosela akanyamaza. Simu akawa anaiweka kulia. Kanisani akahamia mwisho wa benchi, ili watu wote wawe kulia kwake. Utamwuliza, mbona hukulijaribu sikio kwa simu tu? Weee! Mwoga hapimi. Asiyepima bado ana matumaini.

Akajiambia labda ni hedfoni. Za Njombe hakuzitaka, maana Njombe habari zako hufika nyumbani kabla yako. Akaenda Makambako kwa Timoth, fundi mwenye duka karibu na stendi, mtu mwenye mdomo kuliko spika anazouza.

"Kamwene, dada! Unataka za kusikilizia au za kuonekana nazo?"

"Za kazi, fundi. Nachanganya kwaya."

"Basi hizi za kutikisa besi achana nazo. Ni waongo hawa, hata mbuzi ataimba kama padre. Wewe unataka zinazosema ukweli."

Ukweli! Ndicho alichokuwa anakikimbia.

Timoth akachomeka za kwanza kwenye kompyuta ya Dorosela. Kulia wimbo, kushoto kimya.

"Zinabana," akasema Dorosela.

Za pili zilifunika sikio zima. Kimya.

"Zinachoma."

Za tatu. Kimya kile kile.

"Nzito."

"Nzito? Dada, hizo ni nyepesi kuliko kilemba chako!"

Nje upepo wa Makambako ulikuwa unakung'uta mabati, ndani Dorosela anatoka jasho. Hedfoni tatu haziwezi kufa zote upande mmoja. Kilichobaki ni sikio. Akamwona baba yake na ile kengele.

Ningekuwepo mimi ningeutambua ubovu kwa macho tu, lakini sikuitwa. Timoth ilibidi aulize.

"Upande mmoja husikii, siyo?"

Akaitikia kwa kichwa, machozi yako karibu.

"Zigeuze. Ya kushoto ivae kulia. Kimya kikihama, mgonjwa ni kompyuta. Kikibaki kushoto..." Timoth akajikuna kidevu.

"Kikibaki?"

"Mimi siuzi masikio, dada."

Akazishika hedfoni, akazirudisha mezani.

"Nirudi kesho?"

"Kesho utakuja na sikio jingine?"

Dorosela akafumba macho, akasali nusu ya Salamu Maria, akazigeuza.

Waimbaji wakamwingia sikio la kushoto, kimya kikahamia kulia. Alipiga kelele, wateja wakageuka.

"Tundu la hedfoni la kompyuta limekufa upande," akasema Timoth. "Chukua hii saundi kadi ndogo. Inachomekwa pale pa flashi, sauti inapita humo. Nikuchagulie na hedfoni?"

"Zile nzito," akasema Dorosela, akacheka.

Akazivaa sawasawa, kadi imechomekwa, akausikiliza wimbo wake wa Pasaka pande zote mbili. Kicheko kikakatika. Kushoto ndiko alikokuwa ameiweka sauti ya pili, na kwa kutoisikia alikuwa ameipandisha, akaipandisha tena. Sauti ya kwanza imezama. Feliciana, kiongozi wa sauti ya pili, ananguruma kama trekta linalopanda mlima. Na nakala zimeshagawiwa parokia nzima! Kumbe ndiyo maana tangu Pasaka mama yule anatembea kama askofu, akitangaza kwamba sauti yake sasa imekomaa.

Simu ikalia. Kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima, Dorosela akaiweka kushoto.

"Mwanangu Dorosela," akasema Feliciana, anasikika vizuri kabisa, "ule wimbo wa Pentekoste, utanipandisha zaidi kidogo, eti?"

Hofu ikamrudia yote, pamoja na wajukuu zake: nani atamwambia mama huyu ukweli?

"Sikusikii, mama," akasema Dorosela. "Sikio hili la kushoto linanisumbua sana."