Ndururu ya Susu Kalondu

Sina sababu ya kukudanganya. Mtu akitaka kudanganya hutafuta usiku, makaburi na mvua ya radi. Mimi nakueleza jambo lililonipata saa saba mchana, nyuma ya soko la Kangundo, watu wakipita na magunia ya maparachichi, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Amini au usiamini. Kidole gumba changu cha kulia ninacho hapa, na anayetaka kukiona nitamwonyesha.

Asubuhi hiyo niliondoka Machakos mjini bila mpango wowote. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja mwaka mzima. Nikiona njia nisiyojua inaishia wapi, miguu inaniwasha. Siku hizo nilikuwa nikizunguka manyumbani nikinunua sarafu za kale, senti za mkoloni na shilingi za mwanzo za Uhuru, kisha nampelekea Musyoka, kijana mwenye kibanda cha kuuza vifuniko vya simu karibu na stendi.

Nikueleze kidogo kuhusu kazi hii. Wanunuzi wa sarafu wa zamani walikuwa watu wa masikio na vidole. Waliiangusha sarafu juu ya jiwe, wakasikiliza, wakaipapasa ukingo, wakakuambia kama ni shaba tupu au imechanganywa, na kama ilikaa kwenye maji au kwenye moshi. Musyoka hasikilizi kitu. Anapiga picha, anaituma, anangoja simu imwambie. Simu ikisema ni adimu, basi ni adimu. Simlaumu, karibu wote wanafanya hivyo siku hizi, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake.

Kufika saa nne nilikuwa kwenye mteremko wa kahawa juu ya Kangundo, nimeingia katika boma la bibi mmoja aitwaye Kalondu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mbaazi.

"Susu, uko na pesa za zamani?" nilimuuliza. Kule, susu ni nyanya, yaani bibi.

"Pesa ya zamani niko nayo moja. Lakini hiyo haiuzwi."

Akavuta uzi kutoka ndani ya gauni lake. Kwenye uzi kulikuwa na ndururu, ile senti tano ya mkoloni yenye tundu katikati. Ilikuwa nyeusi kama chungu.

"Hii ilikuwa ya Mbithe," alisema. "Mtoto wangu wa kwanza. Alifungiwa shingoni siku ya kupewa jina. Surua ikamchukua akiwa na miaka minne. Hii weusi unaona ni ya shingo yake. Sijawahi kuiosha."

Akanionyesha ufa mdogo kwenye tundu, mahali uzi ulipokuwa ukisugua miaka yote hiyo.

"Mimi nataka kujua kitu moja tu. Itanifikisha kaburini, ama itavunjika kabla yangu? Nani anajua mambo ya sarafu siku hizi?"

"Namjua mtu, Susu."

"Basi enda umuulize. Lakini urudi nayo leo, jua likiwa bado liko. Kila jioni mimi huishika ndio nilale."

Akaufungua ule uzi, akaiweka ndururu mkononi mwangu. Hakuniuliza hata jina.

Nitakuwa mkweli, kwa sababu bila ukweli kisa hiki hakina faida. Kabla sijafika sokoni nilikuwa nimeshaanza kufikiria kumrudishia nyingine. Ndururu zinafanana. Macho ya bibi yule yalikuwa na ukungu. Angejuaje? Nikapiga picha, nikamtumia Musyoka. Habari ya ufa sikumuuliza.

Akanipigia. "Boss, hiyo kitu ni nyeusi tii. Sioni mwaka, sioni chochote. Simu itasoma nini hapo? Isugue na majivu na limau, upige tena."

Nikaomba majivu kwa mama aliyekuwa akichemsha mahindi. Limau nilinunua. Nikachuchumaa kando ya mfereji na kusugua. Weusi ulitoka polepole, kama usiotaka kutoka, ukapita katikati ya vidole vyangu ukaingia kwenye matope. Ndururu ikang'aa kama imetoka kiwandani juzi. Nikapiga picha, nikatuma.

"Boss, umeiharibu!" Musyoka akasema. "Hii imesuguliwa. Wanunuzi wa maana wakiona mikwaruzo hivi wanaruka. Hata mia haifiki."

"Si ni wewe umeniambia niisugue?"

"Mimi nilisema upanguse. Sikusema uchubue."

Akakata simu. Nikabaki na ile sarafu inayong'aa kiganjani, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Miaka sitini bibi yule alikuwa ameilinda shingo ya mwanawe, na mimi nimeimwaga mferejini kwa limau la shilingi kumi. Ningemwambia nini?

"Kijana. Mlete huyo mtoto."

Niligeuka. Nyuma ya soko kuna ukuta wa duka la zamani lisilo na paa. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya ukuta huo, kofia ya sufu kichwani licha ya jua lile, na mbele yake jiwe bapa. Nilikuwa nimepita hapo muda mfupi kabla na sikumwona, lakini nani huhesabu wazee sokoni?

"Mtoto gani, mzee?"

"Huyo umemwogesha."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Hakuitazama. Alifumba macho, akaiinua mpaka kwenye sikio, akaiachilia ianguke juu ya jiwe. Niamini nikikuambia: shaba iliangukia jiwe na haikutoa sauti. Ilikuwa kama mtu ameangusha kipande cha nguo. Akairudia.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Sasa wewe ni mnunuzi wa nini?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Nyinyi mnatazama tu. Hii kazi si ya macho. Lete mkono."

Akanishika kidole gumba. Mkono wake haukuwa baridi, kama labda unavyongoja niseme. Ulikuwa na joto la kawaida na ulinuka ugoro. Akakikandamiza kidole changu juu ya ndururu na kukizungusha taratibu, mara nyingi, kama mama anayesaga wimbi. Sikuumia. Nilihisi tu kidole kinakuwa chepesi, na nikaona, naapa niliona, ule mng'ao ukififia chini ya ngozi yangu. Kwanza ukawa rangi ya chai, halafu kahawia, halafu mweusi.

"Ile weusi ya mtoto imebaki kidogo kwenye tundu," alisema. "Hiyo nyingine lazima itoke kwa aliyeosha."

Akaiangusha tena. Safari hii ililia. Sauti nyembamba, ndefu, iliyonipanda mpaka kwenye meno. Mama mmoja muuza maharagwe aligeuka kutazama upande wetu, lakini macho yake yalitua kwangu peke yangu.

"Na ufa, mzee? Anauliza kama itamfikisha."

Akaupapasa ule ufa kwa ukucha. "Itamfikisha. Mwambie asiogope."

Niliinama kuifunga kwenye kitambaa. Nilipoinua kichwa hakukuwa na mtu. Jiwe lilikuwapo, limefunikwa vumbi lisiloguswa, na mahali alipokuwa amekaa nyasi zilikuwa zimesimama wima. Sikukimbia. Nilitembea mpaka kwa Susu Kalondu kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni.

Jua lilikuwa bado liko. Aliipokea, akaipitishia kidole, akainusa.

"Umeiosha," alisema.

Nilimweleza yote, hata yale mawazo yangu ya kumbadilishia. Nilipofika kwa mzee wa jiwe, alininyamazisha kwa mkono.

"Bado anavaa ile kofia ya sufu?"

Aliuliza hivyo tu, kama unavyomuulizia jirani aliyehama. Kisha akanionyesha kwa kidevu rundo la mawe katikati ya mibuni. Mutiso, mume wake, alikuwa mnunuzi wa sarafu pale sokoni. Ni yeye aliyemfungia Mbithe ile ndururu. Alizikwa kabla mimi sijazaliwa.

"Amesema itakufikisha," nilimwambia. "Amesema usiogope."

Akaitika kwa kichwa polepole. Akaishika tena, akafumba macho. "Mbithe yuko," alisema. "Lakini kuna mtu mwingine humu ndani." Akanigeukia. "Basi, mtakaa wawili. Enda, mwanangu. Sijakukasirikia."

Tangu siku ile kidole gumba changu hakina mistari. Ni laini kama uso wa sarafu iliyopita mikono mingi. Simu yangu, iliyokuwa ikifunguka nikiigusa, haikunitambua tena. Nilipokwenda kusajili laini mpya, dada wa dukani alinipangusa kidole kwa spiriti mara tano, mwishowe akaniuliza kama nafanya kazi ya simenti. Hilo ningelizoea. Lakini kila jioni, jua likianza kushuka, kidole hiki hupapaswa. Mara moja kwenda, mara moja kurudi, taratibu, na kidole kikavu cha bibi. Nimekuwa Athi River, nimekuwa Syokimau kati ya magari ya watu wa ofisi, na kunipapasa alinipapasa. Mimi niliyezoea kutojulikana niko wapi, kuna mtu mmoja ananishika kila siku kabla hajalala. Sikuwahi kumrudia hata kumsalimia. Niliona haya.

Sarafu niliacha. Juzi nilitoka tena asubuhi bila mpango, nikatokea Wamunyu. Nilipata chumba nyuma ya karakana ya wachongaji, vumbi la mti mpaka kitandani.

"Wewe ni wa kukaa ama wa kupita?" mama mwenye nyumba aliniuliza.

"Wa kupita, mama."

"Wote husema hivyo," alisema, akanipa ufunguo.

Nikaweka mkoba chini, nikakaa kitandani kungoja jioni yangu. Ilikuja kwa saa yake. Lakini kidole kilichonipapasa hakikuwa cha Susu Kalondu. Kilikuwa kidogo, laini, chenye haraka, cha mtoto wa miaka minne hivi aliyerudishiwa kitu chake na sasa anakichunguza kila upande. Kilinipapasa mpaka giza likaingia. Jana kilikuja tena.

Kesho nitakwenda Kangundo, ingawa najua nitaambiwa ndururu imemfikisha Susu.

Wewe unayezunguka ukitafuta sarafu kwa wazee, kwa sababu umesikia kwenye simu kwamba zina pesa, sikukatazi. Ila ukipewa iliyo nyeusi, usiikimbilie na limau. Uliza kwanza weusi ule ni wa nani.