Jina la Binti wa Tatu

Karani wa kambi yetu alinipa jina nisilolitaka, tena kwa nia njema kabisa. Laiti angekuwa mtu mbaya, ningejua la kumfanya.

Nilikuwa mchomeleaji wa mabomba kwenye mradi wa umeme wa maji, juu ya Bugoye, magharibi mwa Uganda. Katika karakana nzima mwanamke nilikuwa mimi tu, Mkenya, na mwenye mdomo. Mto Mubuku ulinguruma mchana kutwa, tukazoea kuzungumza kwa kupaza sauti, hata tukiteremka Kasese sokoni watu walidhani tunagombana. Kazi niliipenda. Makaratasi ndiyo yaliyonichosha roho. Mgeni alihitaji muhuri ili akae, muhuri ili afanye kazi, na muhuri wa kuthibitisha kwamba ile mihuri mingine ni ya kweli.

Kibali changu kilipokaribia kwisha, karani alinijazia maombi ya kipya. Alikuwa Mkonzo wa makamo, mzee wa kanisa, na kofia yake ya sufu hakuivua hata jua likiwaka namna gani. Aliniuliza yale ya kawaida, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Na kwenu, dada, wewe ni musichana ya ngapi?"

"Wa tatu," nikajibu, nikidhani ni soga tu.

Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima ile, mtoto huzaliwa jina lake likimsubiri. Binti wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukisikia tu mtu anavyoitwa, unajua alikuwa wa ngapi kwa mama yake. Karani aliona nimekaa kwao muda wote huo bila jina la namna hiyo, akanihurumia. Akaliandika la binti wa tatu mbele ya majina yangu mawili. Kibali kiliporudi nilikuwa nina majina matatu, na pasipoti yangu haikumjua huyo mtu.

"Sasa bila hiyo jina watu watajua wewe ni nani?" aliniuliza nilipomfokea. Alishangaa kweli. Nikaona nitapasuka bure, nikaenda kuchomelea.

Juma hilohilo dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka nyumbani. Baba alikuwa hospitalini, alitakiwa kupasuliwa tumbo haraka, naye amegoma. Amewaambia madaktari hatapelekwa popote kabla hajawaona binti zake wote. Dada zangu wawili walikuwa kando ya kitanda. Aliyekosekana ni mimi.

Msimamizi wa mradi hakunificha. Nikivuka mpaka na kibali chenye jina lisilo langu, sitaruhusiwa kurudi, na kazi atapewa mwingine. Mshahara wangu ndio uliolipia matibabu ya baba. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kumkosa baba, na niliogopa kumfikia mikono mitupu.

Ofisi ya uhamiaji ya Kasese ilinituma Bwera, kwa sababu afisa aliyeruhusiwa kusahihisha vibali alikuwa amehamishiwa huko mpakani. Nilifika siku ya soko. Wanawake kutoka Kongo walikuwa wakivuka na vitenge kichwani, na magunia ya kahawa yamejaa njiani. Mlangoni pa ofisi askari alinizuia.

"Simama hapo! Unatafuta nani?"

"Afande, natafuta mtu wa kunifutia jina."

Alinitazama kama aliyeona kichaa, akanionyesha foleni. Mimi si mtu wa kungoja, lakini siku hiyo niliujua kila ufa wa ukuta ule.

Afisa alizilaza pasipoti na kibali sambamba juu ya meza. Naye alikuwa Mkonzo.

"Mama, huku iko majina mbili, huku iko tatu. Huyu mutu wa tatu ni nani?"

Nikamweleza habari ya karani. Alisikiliza vizuri sana, na mwisho akakunja mikono.

"Lakini uko musichana wa tatu?"

"Ndiyo, afande."

"Basi jina iko yako. Mimi nitafutaje jina ya kweli?"

Nyuma yangu mama mmoja mwenye kahawa akadakia, "Na iko jina muzuri! Unaikatalia nini?" Foleni nzima ikamuunga mkono. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nilimwambia afisa kwamba baba anangoja kisu, na kwamba jina hilo hata baba mwenyewe hajalisikia.

"Mupigie," akasema. "Muzazi aseme."

Nikapiga, nikaweka simu mezani ili wote tusikie. Dada akampa baba. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Muzee," afisa akamuuliza kwa heshima, "huyu mutoto yako iko musichana wa ngapi?"

Baba akajibu:

"Wa nne."

"Baba, ni mimi," nikasema. "Mimi ni wa tatu."

"Wewe ni wa nne, mama. Yuko mmoja kabla yako. Hakumaliza wiki. Mama yenu hakuweza kumtaja, nami nikanyamaza naye."

Mama wa kahawa alijishika shavu. Afisa alichukua rula, akalikata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi na kugonga muhuri polepole.

"Hii haiko yako," akasema. "Iko ya mwenzako. Enda kwa muzee."

Nilimkuta baba yuko macho. Tulisimama mbele yake sote, akatuhesabu kwa kidole, na kati ya dada yangu wa pili na mimi akanyooshea mahali pasipo na mtu, akapahesabu napo. Kisha akawaambia madaktari yuko tayari. Alipona, ingawa nguvu zake hazikurudi zote.

Niliporudi Bugoye, karani alikuja karakanani kuniuliza kama wamelifuta.

"Wamelifuta," nikamwambia. "Mimi ni wa nne. Yule wa tatu alikufa."

Sikuhitaji kumweleza zaidi. Alivua ile kofia yake, akaishika kifuani, akasimama nami pale penye kelele za mto.

"Pole, dada," akasema.

Halafu akaniita kwa jina la binti wa nne, nami nikaitika.