Waliniuliza Ni ya Nani

Nyie mabinti mliokaa hapo mbele, na nyie wazazi mnaojificha nyuma, nisikilizeni wote. Naitwa Limi. Nimepona, lakini nimekuja na hasira zangu, msitegemee maneno matamu.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kata upande wa Kharumwa. Nilikuwa mzima, mwepesi, kwenye mbio nawaacha hata wavulana. Shule imepakana na maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, kwa hiyo msichana akinunuliwa viatu vipya tu, watu wanasema ana mchimbaji wake. Mimi sikuwa na mchimbaji wala mkulima.

Kila tukifungua shule, matroni, mwalimu aliyesimamia wasichana, alitupanga mstari nyuma ya stoo, tunapandisha blauzi, anatubonyeza tumbo mmoja mmoja kutafuta mimba. Hilo ndilo lililokuwa somo letu zima la afya ya uzazi. Hedhi hakutufundisha. Magonjwa hakutufundisha. Alijua kubonyeza.

Tumbo langu lilikuwa limeanza kujaa upande wa kushoto. Vidole vyake vikakuta kitu kigumu, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Huyu tayari." Nikamwambia hedhi naiona kila mwezi. Akanijibu nimezoea uongo. Siku hiyohiyo nikarudishwa nyumbani na begi langu.

Baba hakuniuliza naumwa wapi. Aliniuliza ni ya nani, maana alitaka ng'ombe wa fidia. Akanipeleka mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji, wanaume peke yao, nimtaje mhusika. Sikuwa na wa kumtaja. Wakasema namficha, nikachapwa. Mama alinihurumia, lakini na yeye aliamini. Nikimwonyesha vitambaa vya hedhi, anasema wapo wanawake wanaotoka damu na mimba wanayo.

Basi wakakaa kusubiri nijifungue. Tumbo likakua, mikono ikakonda. Mkojo ulitoka kidogokidogo, choo kikawa kigumu, kulala chali nikashindwa. Asubuhi moja natwanga mahindi, maumivu yakanikata, nikatapika nyongo na kuanguka palepale kwenye kinu. Mama akapiga yowe, jirani akaleta bodaboda.

Kituo cha afya, nesi wa wajawazito alitafuta mapigo ya mtoto, akakosa. Akanitazama usoni. Tangu nifukuzwe shule hakuna aliyenitazama hivyo. "Mdogo wangu, hedhi ya mwisho ulipata lini?" Nikamwambia wiki iliyopita, na akaniamini. Gari la wagonjwa likatupeleka hospitali kubwa. Daktari akapiga picha, akamwita baba.

"Mzee, hapa hakuna mtoto. Ni uvimbe kwenye mfuko wa mayai, na umejisokota. Mngezidi kuchelewa, tungempoteza."

Baba akauliza, "Kwa hiyo hakuna mwanaume wa kumdai?" Hilo ndilo lililomjia kichwani. Baadaye alilia na kuniomba radhi. Nimemsamehe nusu.

Walinipasua, wakautoa uvimbe pamoja na mfuko mmoja wa mayai. Wa pili ni mzima, na daktari anasema nikitaka kuzaa nitazaa. Mwanzoni nilitembea nimeshika ukuta, hata kucheka kulivuta mshono. Namshukuru Mungu, namshukuru yule nesi. Matroni simshukuru. Na msinielewe vibaya: hata ningekuwa na mimba kweli, nilistahili hospitali, si viboko.

Mabinti, tumbo likijaa au hedhi ikikuuma kupita kawaida, nenda kituo cha afya, hata peke yako. Wazazi, anzeni kuuliza mtoto anaumwa wapi.

Shule nilirudi. Siku ya kwanza matroni akatupanga mstari, akaniambia na mimi nipandishe blauzi. Nikamwamkia kwanza, shikamoo yake nikampa. Halafu nikamwambia, "Mwalimu, mkono wako hautagusa tumbo langu tena. Ukitaka kunipima, nipeleke hospitali, na mama yangu awepo." Nikatoka kwenye mstari. Nilidhani wenzangu watanifuata. Nikageuka, nikawaona wote wamesimama palepale, blauzi juu, wanasubiri zamu yao. Ndiyo maana leo nimekuja kwenu.